Maswali ya Wasomaji: Mlima Koya wa Japani na mtakatifu anayepelekewa chakula kila siku

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu milima ya ibada katika nchi za Mashariki ya Mbali. Humo Mlima Koya wa Japani ulitajwa kwa sentensi mbili tu: kwamba una zaidi ya makaburi laki mbili, na kwamba mtawa aliyeuanzisha karibu miaka 1,200 iliyopita bado hupelekewa chakula kila siku. Sentensi hizo mbili ndizo zilizotuletea barua nyingi kuliko makala nyingine zote za toleo hilo. Tumechagua barua tano za wasomaji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, ambao ndio waliouliza kwa undani zaidi, na tumezifupisha bila kubadili makusudio yao.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walisoma habari ya mlima huo wakaanza kubishana. Wengine walisema Wajapani wanaabudu mlima, wengine wakasema wanaabudu kaburi. Sisi tunaoishi chini ya majabali ya Masasi tunajua kwamba wazee walikuwa na mahali pao pa matambiko, lakini hawakusema kwamba jabali ndilo Mungu. Naomba utueleze, kinachoheshimiwa huko Koya ni kitu gani hasa?

JIBU: Mwalimu, pande zote mbili darasani kwako zimekaribia bila kufika, na swali lenyewe linastahili kujibiwa kwa kirefu.

Tuanze na mlima. Mtu anayefika Koya akitarajia kuona kilele kimoja kirefu hatakiona. Kinachoitwa Mlima Koya ni bonde tambarare lililo juu ya safu ya milima ya rasi ya Kii, kusini mwa jiji la Osaka, kiasi cha meta 800 kutoka usawa wa bahari. Bonde hilo limezungukwa na vilele vinane, na watawa huvifananisha na petali nane za ua la yungiyungi, ambalo katika sanaa ya Kibudha ndilo kiti cha Budha. Ndani ya bonde mna mji mzima, wenye shule, posta, kituo cha polisi, maduka, chuo kikuu na mahekalu 117.

Mwanzilishi wake ni mtawa Kukai, aliyezaliwa mwaka 774 katika kisiwa cha Shikoku. Alianza masomo ambayo yangemfanya mtumishi wa serikali, akayaacha, akaingia milimani kutafakari na kukariri maneno matakatifu. Mwaka 804 alivuka bahari pamoja na msafara wa mabalozi wa Japani, akafika Chang'an, mji mkuu wa Uchina wa wakati huo, ambao leo huitwa Xi'an, na huko akapokewa na mwalimu mkuu Huiguo, aliyempa mafundisho yake yote ya ndani katika miezi michache kabla ya kufariki. Kukai alirudi Japani mwaka 806 akiwa na vitabu, michoro ya ibada na vifaa vyake, akaanzisha dhehebu la Kibudha la Shingon. Mwaka 816 Mfalme Saga alimruhusu kuutumia Mlima Koya kama mahali pa tafakuri, mbali na siasa za mji mkuu.

Fundisho kuu la Shingon ni kwamba mtu anaweza kuamka kabisa kiroho, yaani kuwa Budha, akiwa katika mwili huu huu na katika maisha haya haya, bila kungoja kuzaliwa tena na tena. Njia yake ni kuunganisha mwili, kinywa na moyo: mikono hufanya ishara maalumu, kinywa hutamka maneno matakatifu, na moyo huelekezwa kwenye mchoro wa ulimwengu wa kiroho uitwao mandala. Budha mkuu wa dhehebu hili ni Dainichi, ambaye hasimuliwi kama mtu aliyezaliwa mahali fulani na kufa siku fulani. Yeye ndiye uhai wenyewe wa ulimwengu, unaodhihirika katika jua, maji, mawe na miti. Wanafunzi wako wakilishika hilo wataona kwa nini Kukai hakuhitaji kuchagua kati ya kumheshimu Budha na kuuheshimu mlima.

Tena mlima ule ulikuwa na wenyewe kabla yake. Inasimuliwa kwamba Kukai, akiwa bado ufukweni Uchina, alirusha angani kifaa cha ibada chenye ncha tatu, akiomba kimtangulie mahali panapofaa kujengwa makao ya mafundisho yake. Miaka kadhaa baadaye, alipokuwa akipatafuta mahali hapo, alikutana na mwindaji mwenye mbwa wawili, mmoja mweupe na mwingine mweusi, ambao walimwongoza mpaka Koya, na kifaa kile akakikuta kimenasa katika msonobari. Mwindaji huyo anaaminiwa kuwa mmoja wa miungu ya mlima, na mama mwenye ardhi ile ni mungu wa kike aitwaye Niu. Kukai hakuwafukuza. Walijengewa nyumba yao ya ibada ndani ya uwanja wa mahekalu, ipo hadi leo, na watawa wa Kibudha huenda kuisomea sala. Msonobari nao upo uwanjani hapo, ndani ya uzio mdogo, na kwa kuwa baadhi ya majani yake huota sindano tatu pamoja badala ya mbili, utawaona mahujaji wameinama chini yake, wakipekua majani makavu yaliyoanguka, na anayepata lenye sindano tatu hulitia katika pochi kama baraka.

Mwaka 1868 serikali ya Japani iliamuru ibada za miungu ya asili zitenganishwe na za Budha, na sehemu nyingi za nchi ushirika wa karne nyingi ulivunjwa kwa nguvu. Huko Koya nyumba ya miungu ya mlima ilibaki ilipokuwa, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa katika mambo ya thamani kubwa ya mlima huo.

Sasa tuje kwenye kaburi. Mwaka 835, siku ya 21 ya mwezi wa tatu, Kukai alifikia mwisho wa maisha yake, kama wanahistoria wanavyoandika. Waumini wa Shingon hawasemi hivyo. Wanaamini kwamba siku hiyo aliingia katika tafakuri isiyo na kikomo, na kwamba yumo ndani ya chumba chake mwishoni mwa msitu wa makaburi uitwao Okunoin, akiwaombea viumbe wote, akimngoja Miroku, Budha ajaye, anayetarajiwa kutokea baada ya miaka bilioni 5.67. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo alikuwa ameweka nadhiri katika ibada ya taa, kwamba nia yake ya kuwaokoa viumbe haitaisha mpaka anga liishe, viumbe waishe na wokovu wenyewe uishe. Mwaka 921 alipewa jina la heshima la Kobo Daishi, na kwa jina hilo ndilo anajulikana zaidi Japani nzima.

Kwa kuwa anaaminiwa yu hai, hahudumiwi kama marehemu. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na tena saa nne na nusu, chakula kisicho na nyama wala samaki hutolewa katika jengo la jiko lililo karibu na daraja la mwisho la njia iendayo kwenye chumba hicho. Kwanza hupitishwa mbele ya kijumba cha Jizo, mlinzi anayeaminiwa kukionja. Kisha watawa wawili hukibeba katika sanduku la mbao nyeupe, wakimfuata mtawa mwenye dhamana ya huduma hiyo, wanavuka daraja na kupanda kuelekea kwenye Ukumbi wa Taa, ulio mbele ya chumba hicho. Mtawa mwenye dhamana ndiye anayeruhusiwa kumhudumia Kobo Daishi kwa karibu, naye hamsimulii mtu yeyote anachokiona. Mara moja kwa mwaka hupelekewa pia mavazi mapya.

Kwa maoni yangu, Mwalimu, jibu la swali lako limo katika sanduku hilo. Wajapani wa Shingon hawaliabudu jiwe wala udongo, na wala hawalii mbele ya kaburi la mtu aliyeondoka. Wanamtumikia aliyepo. Mlima ni nyumba yake na ya miungu iliyomkaribisha, na utakatifu wake haukuachwa uwe habari ya kale, kwa sababu kila siku kuna mtu anayeamka gizani kupika. Tofauti na matambiko ya wazee wetu, ambayo wanafunzi wasiipuuze, ni kwamba tambiko huelekezwa kwa mababu wa ukoo na hufanywa na wana ukoo wenyewe, ilhali Kobo Daishi hana ukoo anaoupendelea. Anayemjia ni yeyote.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mikindani. Binti yangu anayesoma chuo ameniambia kwamba mlima huo ulikuwa haramu kwa wanawake. Ni kweli? Na kama ni kweli, mama mzazi wa huyo mtakatifu alifanyaje?

JIBU: Marahaba, Mama. Ni kweli, na haifai kulifunika jambo hilo kwa sababu tu mahali penyewe ni pa ibada. Kwa zaidi ya miaka elfu moja mwanamke hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa bonde la Koya. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni nadhiri ya useja waliyoiweka watawa, na hiyo inaeleweka, maana nyumba nyingi za watawa duniani zina kanuni ya namna hiyo. Ya pili ni imani iliyoenea katika Japani ya zamani kwamba damu ya hedhi na ya uzazi hupachafua mahali patakatifu. Hiyo mimi siwezi kuitetea. Iliwatwika wanawake aibu kwa jambo ambalo bila hilo hata watawa wenyewe wasingezaliwa.

Kuhusu mama yake Kukai, mapokeo yanasema kwamba alisafiri kutoka Shikoku akiwa mzee ili kumwona mwanawe, akasimama chini ya mlima, akakaa katika hekalu la Jison-in mpaka alipofariki. Mwanawe ndiye aliyekuwa akishuka kwenda kumtazama, mara kadhaa kila mwezi, kwa njia ya msituni yenye urefu wa zaidi ya kilometa 20. Njia hiyo ipo hadi leo. Kutoka Jison-in hadi uwanja mkuu wa mahekalu imepangwa nguzo 180 za mawe, moja kila baada ya meta 109 hivi, zilizosimamishwa katika karne ya 13 badala ya nguzo za mbao za zamani, na hujaji wa desturi husimama kusali mbele ya kila moja. Hekalu la Jison-in limekuwa la wanawake. Wanaoomba kupata mtoto, kujifungua salama, kuwa na maziwa ya kutosha au kupona maradhi ya matiti hutundika vibao vya mbao vilivyobandikwa matiti mawili ya kitambaa yaliyojazwa pamba, na ukutani hapo vimeshonana vibao vya akina mama waliotoka kila pembe ya nchi.

Wanawake wengine walipanda hadi mpakani. Kwenye kila moja ya njia saba za kuingilia bondeni kulikuwa na ukumbi wao wa kulala na kusali, na kutoka hapo walizunguka juu ya matuta ya milima, wakiyatazama mapaa ya mahekalu kutoka mbali bila kushuka. Kati ya kumbi hizo saba umebaki mmoja.

Wajapani wenyewe hawakulisahau jambo hili, na hadithi yao inayolieleza vizuri kuliko zote ni ya kijana Ishidomaru. Baba yake, bwana wa eneo moja katika kisiwa cha Kyushu, aliiacha familia akawa mtawa Koya. Mama na mwana walimfuata, lakini mama alilazimika kubaki katika nyumba ya wageni chini ya mlima. Kijana alipanda peke yake, akakutana na mtawa darajani, akamuuliza habari za baba yake. Mtawa huyo ndiye aliyekuwa baba. Kwa ajili ya nadhiri yake hakujitambulisha, akamwonyesha kaburi la mtu mwingine akisema baba yako amelala hapa. Ishidomaru aliporudi chini alimkuta mama yake amekwisha kufa. Hakuwa na pengine pa kwenda, akapanda tena na kuwa mwanafunzi wa yule mtawa, na katika maisha yao yote pamoja hakuambiwa kamwe. Ukumbi unaohusishwa na hadithi hiyo upo Koya, na picha zake zimetundikwa ukutani. Kwangu mimi hadithi hii ina ujasiri, kwa sababu inasimuliwa mlimani penyewe na bado haimfichi aliyeumia.

Na katika Ukumbi wa Taa, mbele kabisa ya chumba cha Kobo Daishi, taa inayoheshimiwa sana ni ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba binti maskini aitwaye Oteru alikata nywele zake akaziuza ili aweke taa moja kwa ajili ya wazazi wake waliofariki. Siku hiyo hiyo tajiri mmoja alileta taa elfu kumi, upepo ukavuma ukazizima zote, ikabaki ya Oteru. Mapokeo yanasema kwamba inawaka hadi leo, yapata miaka elfu moja.

Katazo liliondolewa na serikali mwaka 1872, ingawa wanawake kuishi mlimani kwa uhuru kulikubaliwa kwa vitendo mwanzoni mwa karne ya 20. Leo wanawake wanaishi, wanasoma na wanahiji Koya bila kizuizi. Binti yako ajue pia kwamba kilele kimoja cha Mlima Omine, kilicho katika safu hiyo hiyo ya milima ya Kii, bado kimefungwa kwa wanawake, na mabishano juu yake yanaendelea Japani kwenyewe.

SWALI: Assalaam aleykum. Mimi ni mzee wa Kilwa Kivinje. Kwetu, ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani, utaona makaburi ya masultani na ya watu wengine, nasi tukizuru tunawaombea dua waliolala humo. Nimesikia huko Koya kuna mawe ya watu ambao miili yao haipo hapo, na kuna maadui waliouana ambao makaburi yao yanatazamana. Kaburi lisilo na maiti lina maana gani?

JIBU: Wa aleykum salaam, Mzee wangu. Ulivyosikia ndivyo ilivyo. Kutoka daraja la kwanza la Okunoin hadi chumba cha Kobo Daishi ni mwendo wa kilometa mbili hivi, katikati ya mierezi ya Kijapani yenye umri wa mamia ya miaka, na pande zote mbili za njia makaburi na mawe ya kumbukumbu yamesongamana, mengine yamevaa kuvu la kijani mpaka maandishi hayasomeki.

Wajapani wengi huchoma maiti. Mifupa huzikwa katika kaburi la familia, na wanaopenda hupeleka sehemu yake ndogo Koya, mara nyingi kipande cha mfupa wa shingo, au hapo kale nywele za marehemu. Desturi hii ilienezwa tangu zama za kati na watawa wazururaji wa Koya, waliotembea nchi nzima wakihubiri, wakichangisha fedha na kubeba mifupa ya watu mgongoni kurudi nayo mlimani. Makusudio yake ni ukaribu. Kwa kuwa Kobo Daishi yupo, na kwa kuwa siku ya kuja kwa Miroku ataamka, marehemu aliye jirani yake anahesabiwa kuwa mahali pema. Hapo ndipo desturi yao na ziara yenu, Mzee, zinapoachana: ninyi mnasimama kaburini mkimwomba Mwenyezi Mungu amrehemu aliyelala pale, wao wanamleta marehemu, hata kama ni kwa kipande cha mfupa au jina lililochongwa, akae karibu na mwalimu.

Kuhusu maadui, Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, wababe wa vita wa karne ya 16 waliopigana mara nyingi bila mmoja kummaliza mwingine, wana makaburi yao pande mbili za njia moja. Oda Nobunaga, ambaye majeshi yake yaliuzingira mlima huo huo wa Koya mwaka 1581, ana kumbukumbu yake humo ndani, na Akechi Mitsuhide, mtumishi wake aliyemsaliti mwaka 1582, anayo pia. Watawa hawakumnyima nafasi mtu aliyekusudia kuwaangamiza. Kuna pia jiwe lililosimamishwa mwaka 1599 na ukoo wa Shimazu baada ya vita vya Korea, kwa ajili ya askari waliokufa wa pande zote mbili, wao na wa adui. Mtu wa kusini anayekumbuka jinsi Vita vya Majimaji vilivyoacha mifupa bila kaburi kutoka vilima vya Matumbi hadi Liwale ataelewa uzito wa jiwe kama hilo, na mimi kila nikilifikiria natamani desturi hiyo ingekuwa ya dunia nzima.

Nyakati zetu nazo zimeingia. Makampuni makubwa yamejenga kumbukumbu za wafanyakazi wao waliofariki: Panasonic na Nissan wanazo, Yakult wana jiwe lenye umbo la kichupa chao cha maziwa, na kampuni moja ya kutengeneza ndege imesimamisha roketi. Wageni wengine huyaona mambo hayo kuwa ni matangazo ya biashara. Mimi naona kwamba kampuni inayomkumbuka mfanyakazi wake baada ya kumalizana naye mshahara imefanya jambo la utu. Na hakuna jiwe linalonigusa kuliko lile lililowekwa na chama cha wauaji wa mchwa, likiwaombea mchwa wapumzike kwa amani. Sisi tunaopigana na mchwa kwenye nguzo na paa za nyumba zetu tungeweza kushangaa, lakini ndani ya mafundisho ya Kibudha liko wazi: mdudu naye ana uhai, na aliyeutoa kwa sababu ya riziki yake anadaiwa angalau kumkumbuka.

Wasio na ndugu wa kuwatunza hawakuachwa. Mawe yao ya zamani yamekusanywa na kupangwa kuwa kichuguu kikubwa chenye ngazi kama piramidi, na wapita njia huyamwagia maji na kuyasalia.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Lindi mjini. Nilidhani mlima mtakatifu wa Japani ni Fuji. Je, kuna tofauti gani kati yake na Koya?

JIBU: Mwanangu, Japani ina milima mitakatifu mingi. Fuji, wenye urefu wa meta 3,776, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1707, na ibada yake ya msingi ni ya Shinto, yaani dini ya miungu ya asili ya Kijapani. Unahusishwa na mungu wa kike Konohanasakuya-hime, anayeombwa atulize moto wa mlima, na sehemu kubwa ya juu ya mlima ni mali ya hekalu lake la Fujisan Hongu Sengen Taisha. Mlima mdogo wa Miwa, karibu na Nara, unakwenda mbali zaidi, kwa sababu huko mlima mzima ndio mahali pa mungu, na hekalu lililo chini yake halina chumba kikuu cha kumweka. Waambie wenzako wa Masasi kwamba wakitaka mfano wa mlima unaosujudiwa wenyewe, Miwa unafaa kuliko Koya. Koya, pamoja na maeneo mengine ya milima ya Kii, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004, na Fuji mwaka 2013.

SWALI: Mimi ni kijana wa Nachingwea, Mkristo, na nimepata nafasi ya kwenda Japani kwa mafunzo ya miezi sita. Mtu wa dini nyingine anaruhusiwa kufika Koya? Ale nini, alale wapi, na asifanye nini?

JIBU: Unaruhusiwa, na utapokewa vizuri. Kutoka stesheni ya Namba, Osaka, utapanda treni ya Nankai hadi Gokurakubashi, kisha gari la kamba linalovutwa juu ya mteremko mkali kwa dakika tano hivi, na kutoka stesheni ya juu utachukua basi hadi mjini. Kiasi cha mahekalu 50 hupokea wageni wa kulala. Weka nafasi mapema. Utapewa chumba chenye mikeka ya Kijapani, utalala kwenye godoro linalotandikwa sakafuni, na alfajiri utaalikwa kwenye ibada. Hulazimishwi kushiriki sala. Keti nyuma kwa utulivu, usikilize watawa wakisoma kwa sauti moja, na kama umewahi kulala wageni kwa Wabenediktini wa Ndanda, utaratibu wa kengele ya alfajiri hautakushangaza.

Chakula ni cha mboga, nafaka na kunde, bila nyama, samaki, vitunguu wala vitunguu saumu. Utaletewa tofu, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, na moja ya aina zake ilipata jina la mlima huo kwa kuwa huachwa igande kwa baridi na kukaushwa. Utaletewa pia chakula laini cha rangi ya maziwa kinachokatwa vipande vya mraba, nacho kimepikwa kwa ufuta uliosagwa mpaka ukawa uji mzito, pamoja na wanga wa mizizi. Ukikionja uwaambie wenyeji wako kwamba unatoka nchi ya ufuta, maana Japani ni miongoni mwa nchi zinazonunua ufuta wa Tanzania.

Ukiwa Okunoin, daraja la mwisho ndilo la kuangalia. Lina mbao 36, na pamoja na daraja zima huhesabiwa 37, idadi ya watakatifu wa mandala mojawapo ya Shingon. Mahujaji husimama kabla yake, huunganisha viganja na kuinama. Toa kofia, zima kamera ya simu, usile wala usinywe mpaka utakaporudi upande huu. Utakutana na wazee waliovaa nguo nyeupe na fimbo mkononi, waliokwisha kutembea mzunguko wa mahekalu 88 ya Shikoku, kiasi cha kilometa 1,200, ambao huja Koya kumshukuru Kobo Daishi kwa kuandamana nao njia nzima. Wapishe. Na kama mafunzo yako yataangukia kati ya Desemba na Machi, beba koti zito na viatu visivyoteleza, kwa sababu huko juu theluji huanguka na ngazi za mawe huganda barafu.